Madoadoa

Kanga ana madoadoa, na hakuna anayemfukuza kwa hilo. Doa kwenye kanzu nyeupe ni jambo jingine: husuguliwa mpaka litoke. Sumu ya neno imo humo. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, miaka ya 1990 na tena kuelekea uchaguzi wa 2007, majirani wa makabila mengine waliitwa madoadoa; kilichofuata hakikuwa sabuni. Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ililitia neno hili katika orodha ya maneno ya chuki, pamoja na "kwekwe" na "mende".

Orodha pekee haitoshi, naona mimi. Mashine inayosaka neno itamnasa hata mama anayetangaza kuku wake wa madoadoa Facebook. Jicho la msomaji ndilo linalotofautisha. Ujumbe ukikufikia, uliza: chenye madoa hapa ni kuku, kitambaa au watu? Ikiwa ni watu, usiusambaze, hata kwa nia ya kuukemea. Upige picha kwenye skrini, uripoti kwa tume, kisha ufute.