Kadi Zilizokuja na Sigara

Katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, sigara za Marekani ziliuzwa katika pakiti laini zilizopondeka upesi mfukoni, na kwa sababu hiyo watengenezaji wakaanza kutia ndani yake kijikadi kigumu, ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzihifadhi sigara zisivunjike, na ya pili, iliyoipita ya kwanza kwa faida, kumtamanisha mnunuzi arudi tena dukani. Mashine ya James Bonsack ya kusokota sigara ilikuwa imekwisha kuzifanya sigara kuwa nyingi kuliko wavutaji, na wenye viwanda walikuwa hawana budi kuwatafuta wateja kwa kila hila. Allen & Ginter wa Richmond, Virginia, walitoa mwaka 1887 taswira 50 za mabingwa wa michezo, kumi kati yao wakiwa wachezaji wa besiboli.

Walakini, mwaka 1890 James Buchanan Duke aliwakusanya washindani wake wakubwa chini ya kampuni moja, American Tobacco; na mfanyabiashara asiye na mshindani ana haja gani ya kugawa picha? Kadi zikaadimika, hata ushindani ulipofufuka zikarejea kwa wingi kati ya 1909 na 1911, zikitiwa katika pakiti za Piedmont, Sweet Caporal na nyinginezo, huku wavulana wakisimama milangoni pa maduka kuwaomba watu wazima picha zao.

Iliyo mashuhuri kupita zote ni ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa Pittsburgh Pirates. Upana wa kadi hiyo haufiki inchi moja na nusu. Nywele za Wagner zimetengwa katikati, nyuma yake pana rangi ya chungwa, na kifuani limeandikwa jina la mji bila herufi ya mwisho, kwa kuwa serikali ilikuwa imeiondoa herufi hiyo katika tahajia rasmi tangu 1891, isiirudishe hata 1911. Wagner alikataa taswira yake kuendelea kuchapwa. Riwaya moja yasema kwamba hakupenda watoto wavutwe kwenye tumbaku kwa ajili yake. Nyingine, ambayo mimi siidharau, kwamba hakuridhia kutumiwa bila malipo, maana yeye mwenyewe tumbaku hakuichukia. Vyovyote iwavyo, zimesalia kadi zipatazo 60 tu, na mwaka 2022 mojawapo iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Mali ya namna hiyo haikosi ufisadi. Muuzaji Bill Mastro alikiri mahakamani mwaka 2013 kwamba aliyekata kingo za kadi ya Wagner iliyosifiwa kuliko zote kwa usafi wake, ili zionekane mpya, alikuwa ni yeye.

Jefferson Burdick wa Syracuse hakuwa na tamaa hiyo. Mtu huyu, fundi wa kiwandani aliyeteswa na maradhi ya viungo, ndiye aliyeandika fahirisi ya kadi zote za Marekani, na jina la T206, ambalo wakusanyaji hulitaja hadi leo, ni nambari aliyoipa seti ile ya 1909 hadi 1911 yenye kadi ya Wagner. Kadi zake, zaidi ya 300,000, alizitoa bure kwa makumbusho ya Metropolitan mjini New York, akaenda mwenyewe kuzibandika kwa gundi madaftarini, ya Wagner ikiwa miongoni mwao, mpaka alipoimaliza kazi hiyo mwanzoni mwa 1963, miezi miwili kabla ya kufariki.