MAWE YA ISIMILA



Tuliokuwa kidato cha pili mwaka 1995 tutaikumbuka safari yetu ya Isimila, kilometa 20 hivi kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Tulizistaajabia nguzo ndefu za udongo. Mawe tuliyakanyaga tu.

Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa Afrika Kusini, akiwa safarini, aliokota baadhi ya mawe hayo korongoni. Naam, mwanafunzi! Profesa alikuja baadaye: mwaka 1957 na 1958, F. Clark Howell wa Marekani aliongoza uchimbaji. Zilipatikana zana nyingi za Zama za Mawe za Kale, pamoja na mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka duniani. Vipimo vilikadiria umri wa miaka 260,000 hivi.

Shoka la mkono halina mpini. Mwindaji alishika jiwe gumu, akaligonga ukingoni kwa jiwe jingine, kibanzi kikaruka. Akaligeuza, akagonga upande wa pili, hivyo hivyo mpaka likapata ncha na makali pande zote. Pigo moja baya, jiwe limevunjika na kazi imepotea. Anayedhani ni jambo la kubahatisha ajaribu. Mimi nilijaribu, nikaambulia kuvimba kidole. Siamini kwamba mtu aliweza ufundi huo bila kuketi kwanza karibu na mkubwa wake akitazama.

Vile vibanzi navyo si takataka. Vikikutwa vingi pamoja na zana, mtaalamu huweza kujua kama ilichongwa papo hapo au ililetwa ikiwa tayari. Kwa hiyo mahali jiwe lilipolala, na tabaka la udongo lililolifunika, ni nusu ya habari yake.

Sasa niungame. Siku ile, ingawa mwalimu alikwisha kutukataza, nilitia shoka moja katika mfuko wa madaftari. Kwa miaka zaidi ya 20 lilizuia mlango nyumbani kwangu usifungwe na upepo. Mwaka 2019 nililirudisha. Kijana mtunzaji alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza taratibu.

"Ahsante, mzee. Ulilitoa wapi?"

"Hapa hapa Isimila."

"Isimila ni kubwa, mzee. Upande gani wa korongo? Juu au chini?"

Sikukumbuka. Akaliweka kando, mbali na yale yenye namba.