Nafasi ya Nyimbo katika Malezi na Elimu ya Awali

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), iliyozinduliwa jijini Dodoma Desemba 2021, inalenga watoto wa umri wa miaka 0 hadi 8, na ujifunzaji wa awali ni miongoni mwa nguzo zake. Katika nguzo hiyo, wimbo ni nyenzo ambayo kila kaya inayo bila gharama.

Mtoto huanza kusikia angali tumboni, na akizaliwa huitambua sauti ya mama yake. Mlezi anayeimba bembelezi hurefusha irabu, hurudia maneno, kisha hunyamaza kidogo. Mtoto huitikia kwa sauti au tabasamu, na hivyo hujifunza kupokezana zamu ya mazungumzo kabla hajatamka neno.

Katika darasa la awali, kupiga makofi kwa kila silabi (ma-ji mara mbili, ka-la-mu mara tatu) humzoeza mtoto kusikia vipande vya neno atakavyovisoma Darasa la Kwanza. Mchezo wa Nyama Nyama una faida nyingine. Kiongozi hutaja mnyama. Akiwa analiwa, watoto huruka na kuitikia, asipoliwa hutulia. Anayetulia wakati mwenzake ameruka ndiye aliyefanya kazi ngumu zaidi, kwani amepambanua na kujizuia. (Jibu kuhusu nguruwe hutegemea nyumba anayotoka mtoto, mwalimu mwenye busara humwacha mnyama huyo.)

Hata hivyo, ipo dhana kwamba kumwekea mtoto muziki kunatosha kumwongezea akili. Chanzo chake kikuu ni utafiti wa mwaka 1993 nchini Marekani, ambapo wanafunzi 36 walisikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10 na kufanya vizuri zaidi katika jaribio la kutambua maumbo. Manufaa hayo yalidumu takriban robo saa, na waliopimwa walikuwa wa chuo kikuu. Pamoja na hayo, mwaka 1998 Gavana wa Georgia alipendekeza watoto wachanga wa jimbo hilo wagawiwe rekodi.

Rekodi haimsubiri mtoto aitikie. Aidha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Video za nyimbo kwenye simu zimo katika hesabu hiyo.