Mbu, Daktari na Husein Khan

Ndugu msikilizaji, ukishuka treni ya TAZARA pale Mang'ula, utapokewa na wenyeji wawili: milima ya Udzungwa na mbu. Milima haikufuati ndani. Mbu anakufuata.

Jioni moja nilimkuta huko kijana ameketi barazani, suruali kaikunja hadi magotini, tochi mkononi. Kila mbu alipotua mguuni, alimfyonza kwa kimrija na kumtia katika kikombe kilichofunikwa kitambaa. Nilidhani ni mchezo. Kumbe yuko kazini. Mbu wale walikuwa wanasubiriwa na watafiti wa Ifakara.

Nikamkumbuka daktari mmoja wa jeshi. Ronald Ross alizaliwa India mwaka 1857, mtoto wa jenerali. Moyo wake ulikuwa kwenye mashairi, lakini baba alitaka daktari, na mwaka 1881 akaingia Idara ya Tiba ya India, iliyohudumia jeshi la mkoloni. Enzi hizo wengi waliamini kwamba malaria huletwa na mvuke wa mabwawa. Jina lenyewe kwa Kiitaliano ni "hewa mbaya". Mwaka 1880, Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alikuwa ameviona vimelea katika damu ya mgonjwa huko Algeria. Lakini viliingiaje humo?

Ross alipasua mbu mmoja baada ya mwingine, jasho likimtiririka juu ya hadubini, asione kitu. Ndipo Agosti 1897, mjini Secunderabad, mgonjwa wa malaria aitwaye Husein Khan alipokubali kuumwa na mbu kwa malipo ya ana moja kwa kila mbu. Ana kumi na sita ndizo zilizofanya rupia. Tarehe 20 Agosti, katika tumbo la mbu mmojawapo, Ross akakiona kimelea. Mwaka 1898, akitumia ndege, alithibitisha kwamba mbu ndiye anayekisafirisha. Na mwaka huohuo Waitaliano, Grassi na wenzake, wakaonyesha hivyo kwa binadamu. Mwaka 1902 Ross akapewa Tuzo ya Nobel.

Tuzo ilikuwa na jina moja tu. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: bila damu ya Husein Khan, hadubini ingeona nini?

Kilombero nako ni hivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliofanywa huko na Ulanga, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Takwimu hiyo tunaisoma vitabuni. Miguu ya vijana waliokesha barazani haimo.

Ndugu yangu, usiku huu ukichomeka chandarua chini ya godoro, mshukuru daktari. Kisha umshukuru na yule aliyekunja suruali.

Tukutane wiki ijayo.