Kutaifisha na Kubinafsisha: Funzo la Benki ya Taifa ya Biashara

Benki ya Taifa ya Biashara ilizaliwa Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilipoyatwaa mabenki ya kigeni. Neno lililotajwa kwa kitendo hicho, kutaifisha, halikuhitaji ufafanuzi mrefu. Limetokana na taifa, na raia alielewa kwamba kilichokuwa cha wageni sasa ni chake. Baraza la Kiswahili la Taifa nalo liliundwa mwaka huo huo. Benki na Baraza ni marika.

Kwa zaidi ya miaka ishirini benki hiyo ilibeba sehemu kubwa ya shughuli za benki za biashara Tanzania Bara. Matawi yake yalienea hadi wilayani. Lakini ilibeba pia mzigo usiokuwa wake. Vyama vya ushirika, bodi za mazao na mashirika ya umma yalikopeshwa tena hata pale madeni ya awali yalipokuwa hayajalipwa, kwani kuyanyima fedha kungalikwamisha ununuzi wa mazao ya wakulima. Fedha ilitolewa kwa kuitazama haja ya nchi, si uwezo wa mdaiwa. Kwa lugha ya kweli, sehemu ya fedha hiyo ilikuwa ruzuku. Lakini vitabuni iliandikwa mkopo, na mkopo huhesabiwa kuwa mali ya benki. Hivyo jina lisilo sahihi liliuficha ugonjwa.

Tume iliyoongozwa na Charles Nyirabu iliteuliwa mwaka 1988 kuchunguza hali ya mabenki. Mwaka 1991 sheria mpya iliwafungulia mlango wenye mitaji binafsi, na chombo maalumu kikaundwa kuyachukua madeni yaliyoshindikana, yale ambayo leo tunayaita mikopo chechefu. Hata hivyo hasara haikukoma. Matawi kadhaa yalifungwa, wafanyakazi wengi wakaachishwa, na mwaka 1997 benki ikagawanywa katika vyombo vitatu: benki ya biashara iliyolirithi jina, benki ya kuwahudumia wananchi wadogo wadogo, yaani NMB, na shirika hodhi la kushughulikia mali na madeni yaliyosalia. Mwaka 2000 asilimia 55 ya hisa za benki iliyorithi jina zilichukuliwa na ABSA ya Afrika Kusini. Serikali ikabaki na 30, na Shirika la Fedha la Kimataifa likapata 15. Mageuzi hayo yalikuwa makali, na mjadala wake ulikuwa mkali pia. Lakini benki isiyorudishiwa fedha zake haina budi kufidiwa kutoka mfuko wa umma, na mfuko huo ulikuwa umechoka.

Mageuzi yote hayo yalikusanywa chini ya neno moja: kubinafsisha. Kisarufi neno hili ni zuri; limejengwa kwa mnyambuliko ule ule wa kutaifisha, likawa kinyume chake. Kimaana, hata hivyo, limebeba kuliko uwezo wake. Msikilizaji hudhani kwamba mali yote imekabidhiwa mtu binafsi, ilhali hapa kulikuwa na kugawa, kufunga, kutenga madeni na kuuza sehemu ya hisa, na Serikali ilibaki kuwa mwenye hisa. Kadhalika tumezoea kusema kwamba wafanyakazi "walipunguzwa". Kinachopunguzwa ni idadi. Mtu huachishwa kazi, naye anastahili kuelezwa hivyo katika barua yake.

Mfasiri, mwalimu na mtumishi wa Serikali wapate funzo hapa. Waraka wa mageuzi ukifika mezani, tusikimbilie neno moja pana. Tuulize kwanza: nini kimefanywa, na nani, na nani amebaki na nini? Benki hii iliugua kwa miaka mingi kwa sababu ruzuku iliitwa mkopo. Si vema tiba yake nayo ikumbukwe kwa jina lisiloitosha.