Saa ya Mjomba

Mjomba wangu alifundisha Nyamira miaka mingi, na kila msimu wa riadha yeye ndiye aliyeshika saa. Ni ile ya kutia ufunguo, ya chuma, mshale wake unaruka mara 5 kwa sekunde. Mwezi jana nilimwomba niiunganishe na laptopu yangu.

"Utachomeka wapi, kijana? Haina tundu."

Kweli haina. Lakini ina sauti. Ndani kuna gurudumu dogo linalocheza huku na huku, na kila likicheza, saa inalia. Nilibandika maikrofoni mgongoni mwake, nikafungua programu wanayotumia mafundi saa. Kompyuta inasikiliza, inaandika kila mlio umetokea lini, kisha inakwambia saa inawahi au inachelewa kwa kiasi gani.

Riadha ya kwetu iliandikwa kwa sehemu za sekunde. Nyandika Maiyoro wa Kisii alipomaliza wa sita mita 5,000 kule Roma mwaka 1960, kumbukumbu ilisema 13:52.8. Naftali Temu wa Nyamira aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico City, 1968: 29:27.4. Wakati huo kidole cha mtu bado kiliaminiwa. Kuanzia 1977, rekodi za dunia za mbio fupi zilikubaliwa kwa mitambo ya umeme tu, inayoanza kuhesabu bastola inapolia. Kidole huchelewa kusikia bastola, ndiyo maana muda wa mkono wa mita 100 huongezewa sekunde 0.24 ukilinganishwa na ule wa umeme.

Mashuleni kwetu tuliendelea na vidole. Mwaka 1986 mama yangu alikimbia mita 800 Nyamira. Msichana mwingine alikimbia Kisii mjini siku hiyo hiyo, akapimwa kwa saa nyingine. Nafasi ilibaki moja, ikaamuliwa kwa muda. Mama: 2:24.2. Mwenzake: 2:24.0. Mruko mmoja wa mshale, basi. Mama hakukimbia tena.

Sasa laptopu ikatoa jibu: saa ya mjomba inawahi sekunde 216 kwa siku. Nikapiga hesabu. Kwa mbio za sekunde 144, inamwongezea mkimbiaji sekunde 0.36 ambazo hakuzitumia.

Mjomba alinyamaza kitambo. "Hiyo ni leo," akasema. "Mafuta yamekauka humo ndani. Mwaka ule, nani ajuaye?"

Ana haki. Maikrofoni inasikia milio ya leo, si ya 1986. Saa ile haikuwa na kumbukumbu. Ilionyesha muda, mtu akauandika kwenye karatasi, mshale ukarudishwa sifuri. Kama ingepimwa wakati ule, leo tungejua.

Jioni nikampigia mama, nikamsomea hesabu yangu yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile ya Kisii," akauliza, "umeipima?"