Mhariri Msanifu na Habari Zitokazo Kikopey

Mhariri msanifu ni mfanyakazi wa gazeti anayeipokea habari baada ya mwandishi kuiandika na mhariri wa habari kuikubali. Huisahihisha, huipunguza ienee katika nafasi iliyotengwa, huitungia kichwa na maelezo ya picha, kisha huuachilia ukurasa uende mtamboni. Jina lake halichapishwi popote. Wengi humdhania kuwa fundi wa sarufi tu, na ni kweli kwamba asiyejua upatanisho wa ngeli hafai kuketi kwenye dawati hilo. Lakini kusahihisha lugha ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yake. Sehemu nzito ni kuipima habari: je, inajikubali yenyewe, inalingana na mahali ilikotokea, na itasimama mbele ya sheria? Maswali hayo huyajibu akiwa mbali na tukio, na saa ya kufunga kurasa imekaribia.

Kikopey ni mfano mzuri. Kituo hiki kiko kando ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru katika kaunti ndogo ya Gilgil, karibu na Ziwa Elementaita, na wasafiri hukijua kwa nyama choma. Habari ikitoka huko, huandikwa na mwandishi aliye Nakuru au Naivasha, kisha husanifiwa Nairobi na mtu ambaye pengine aliwahi tu kusimama hapo kula mbavu. Tuseme inafika habari kama hii, ambayo ni ya kubuni lakini haina ugeni kwa yeyote aliyefanya kazi hiyo: “Watu watano walifariki papo hapo na wengine 12 wakajeruhiwa baada ya matatu ya abiria 14 waliyosafiria kugongana ana kwa ana na lori eneo la Kikopey. Dereva wa matatu ndiye aliyesababisha ajali hiyo alipojaribu kupita magari mengine.”

Lugha yake haina kasoro. Inayokataa ni hesabu. Watano na 12 ni 17, na gari lina nafasi ya abiria 14. Huenda matatu ilibeba abiria kupita kiasi, na hapo hilo ndilo jambo la kupandishwa hadi aya ya kwanza. Huenda baadhi ya majeruhi walikuwa kwenye lori. Huenda pia mtu mmoja amehesabiwa mara mbili, kwanza akiwa majeruhi, kisha akiwa marehemu baada ya kufia hospitalini. Mhariri msanifu hana ruhusa ya kukisia ni lipi kati ya hayo. Humpigia mwandishi simu. Sentensi ya pili ina hatari kubwa zaidi. Nani amesema dereva ndiye mwenye makosa? Ikiwa ni polisi, waseme polisi, tena kwa jina na cheo. Dereva aliyenusurika anaweza kufikishwa mahakamani, na gazeti halikuwapo barabarani.

Kichwa ndicho huonyesha ustadi wake waziwazi. Kiswahili humsaidia, kwa sababu kitenzi hubeba mtendaji: “Watano wafariki ajalini Kikopey” inajitosheleza, wala neno “watu” halihitajiki. Nafasi ikibana, “wafa” huokoa herufi nne, ingawa wasomaji wengi huliona neno hilo kavu mno kwa binadamu. Kishawishi kibaya kuliko vyote Kikopey ni mzaha wa nyama. Vibanda vikiungua, kichwa chenye neno “choma” hujiandika chenyewe, na mhariri mzuri hukifuta kabla hakijafika kwa mwenzake wa meza ya pili.

Kuhusu idadi ya waliofariki, barabara na mabonde ya Nakuru yametoa mafunzo machungu. Moto wa lori la mafuta uliozuka Sachangwan tarehe 31 Januari 2009 uliua zaidi ya watu 100, na hesabu iliendelea kupanda siku baada ya siku majeruhi walipozidi kufariki. Hesabu ilipanda pia Solai baada ya bwawa kupasuka tarehe 9 Mei 2018. Kwa hiyo katika habari za siku ya kwanza, “angalau” na “kufikia jana jioni” si maneno ya kujaza nafasi, na atakayeyakata ili mistari mitatu ienee ameharibu habari.

Upande wa sheria una mfano wa jirani kabisa. Tom Cholmondeley, wa shamba la Soysambu kando ya Elementaita, alishtakiwa kwa mauaji ya Robert Njoya, aliyepigwa risasi Mei 2006. Tarehe 7 Mei 2009 mahakama ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, na wiki moja baadaye akafungwa miezi minane. Kwa takribani miaka mitatu kabla ya hukumu, kichwa halali kilimwita mshtakiwa tu. Baada ya hukumu, maneno “bila kukusudia” yalikuwa marefu kwa safu nyembamba, lakini hayakatiki: ukiyaondoa, gazeti linatangaza kosa ambalo mahakama haikulithibitisha. Hasira za umma kuhusu kifungo hicho zilikuwa na mahali pake, katika barua za wasomaji na maoni ya mhariri. Kichwa cha habari hakikuwa mahali pake.

Kuna pia mambo madogo ya mtindo. Shamba ambako mtafiti Shirley Strum alianza kuwachunguza nyani mwaka 1972 huandikwa Kekopey. Kituo cha nyama huandikwa Kikopey. Ziwa lina tahajia zaidi ya mbili, na orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, iliyoliingiza mwaka 2011, hutumia Elementaita. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, si manispaa tena. Mambo haya hukaa katika mwongozo wa gazeti, na msomaji wa Gilgil akiona yamekosewa haamini tena hata hesabu ya majeruhi.

Hata hivyo dawati hili ndilo huguswa mapema gharama zinapopunguzwa. New York Times lilivunja dawati lake maalumu la wahariri wasanifu mwaka 2017, na wafanyakazi wakatoka nje kuandamana. Hoja ya wasimamizi kila mahali ni kwamba programu hukamata makosa ya tahajia. Hukamata kweli, lakini hakuna kosa la tahajia katika habari ya watu 17 ndani ya matatu ya abiria 14. Gazeti lenye pesa za kumlipa mhariri mmoja tu wa ziada lingefaidika kumpata anayelijua Bonde la Ufa, na kumketisha karibu na simu ya Nakuru.